Kiini Kisichouliza

Mzee Selemani alitolewa kwenye chumba cha kompyuta siku ya Jumanne, mwezi wa tisa mwaka 1983, na hakuna aliyemsindikiza hata hadi getini. Alilikunja koti lake jeupe la kazi, akaliweka juu ya kiti, akachukua bisibisi zake tatu ambazo zilikuwa mali yake mwenyewe, akatoka. Imakulata alikuwa amekaa mbele ya skrini akimpa mgongo, akijifanya kusoma. Alisikia mnyororo wa baiskeli ukikwaruza nje ya dirisha, kisha hakusikia kitu tena isipokuwa feni za mashine.

Walikuwa wawili tu katika mji mzima wa Tabora walioijua mashine ile kwa ndani. Sasa alibaki yeye.

Mashine ilikuja na Mradi wa Visima. Enzi za misafara, wapagazi walichimba visima kando ya njia yote ya kutoka pwani hadi Ujiji, na vingi vilikuwa vimefukiwa. Miaka ya sabini, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, vijiji vingine viliwekwa jirani na visima hivyo vilivyokufa, kwa sababu kwenye ramani ya ofisini vilionekana bado vina maji. Wafadhili wa kutoka Ulaya wakakubali kusaidia. Wapimaji wangezunguka na kuvipima visima vyote, takwimu zingeingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ingesaidia kuchagua vijiji kumi na viwili vya kuchimbiwa kwanza. Mashine ililetwa kwa treni, ikawekwa kwenye jengo dogo nyuma ya stesheni. Ilikuwa kubwa kama makabati mawili ya nguo, ikiwa na skrini nne. Miaka ile sabuni ilikuwa haipatikani na sukari ilikuwa ya foleni, lakini chumba kile kilipigwa ubaridi mchana kutwa, na wapita njia walikuwa wakisema wafanyakazi wa mle wamehamia Ulaya bila pasipoti.

Selemani alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mwenyeji wa mji, mtoto wa ukoo wa mafundi. Babu yake alitengeneza bunduki za misafara, baba yake saa, na yeye mwenyewe kwa miaka ishirini alitengeneza mitambo ya simu za maandishi pale stesheni. Hakufika mbali shuleni. Lakini wataalamu wa kigeni waliomfundisha, walipomaliza mkataba na kurudi kwao, yeye ndiye waliyemwachia neno la siri la msimamizi mkuu.

Imakulata alikuja baadaye kidogo. Alizaliwa Goweko kwa wakulima wa tumbaku, Wakatoliki, akasoma hisabati Dar es Salaam, akapangiwa mradi akiwa na miaka ishirini na saba. Alitegemea fundi mzee atamdharau kwa kuwa mwanamke, au atamwogopa kwa kuwa ana shahada. Selemani hakufanya lolote kati ya hayo. Siku ya kwanza alifungua ubavu wa mashine, akamwonyesha bodi zake za umeme moja moja kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jamaa zake, kisha akamwomba amweleze kitu ambacho kwa miaka miwili hakuwa amekielewa, jinsi kumbukumbu ya mashine inavyogawanywa. Tangu hapo walifanya kazi pamoja miaka minne. Walikunywa kahawa chungu saa nne, wakabishana, wakanyamaza, kila mmoja akijua mwenzake ananyamazia nini.

Nje ya chumba kile, Imakulata hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kazi yake. Mama yake kule Goweko aliamini anapiga chapa barua za serikali. Wapangaji wenzake walimwona ana majivuno. Alikuwa amejaribu mara mbili tatu kueleza, akaona macho ya watu yanavyomhama, akaacha.

Mashine ile ilimtambua kila mtu kwa nambari. Makarani watatu walikuwa kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Imakulata alikuwa tano. Msimamizi mkuu alikuwa sifuri. Ndani kabisa ya mfumo ulioiendesha mashine kulikuwa na sehemu iliyoitwa kiini, na kiini ndicho kilichoruhusu na kukataza. Ukitaka kusoma faili, ulikiomba kiini. Ukitaka kuliandika, ulikiomba kiini. Nacho kilitazama nambari yako, kikakubali au kikakataa. Nambari sifuri haikukataliwa kitu. Hata skrini ilijua tofauti hiyo. Kwa mtumiaji wa kawaida ilisubiri ikiwa na alama ya dola, na kwa sifuri ilisubiri ikiwa na alama ya reli, vile vistari viwili vilivyokatizwa na viwili.

Mwezi wa sita kamati ilipitisha orodha ya vijiji kumi na viwili. Ikaingizwa, ikafungwa, ikawa ya kusomwa tu. Mwezi wa nane mtambo wa kuchimba ulikuwa umefika mahali pa nane, ukifuata karatasi zilizochapwa na kompyuta, ndipo wanakijiji wa Kasisilwa walipokuja mjini, wanaume sita na wanawake wanne, wakakaa kwenye baraza ya ofisi siku mbili. Waliambiwa na mwakilishi wao kwamba ni wa nane. Mtambo umewapita, umekwenda Itundilo, umechimba, na maji yametoka. Mkurugenzi alifungua muhtasari wa kamati, na kweli, wa nane ilikuwa Kasisilwa. Kwenye karatasi za kompyuta ilikuwa Itundilo.

Mkurugenzi aliitwa Ndugu Yoramu, muumini wa kanisa la Moravia, aliyekuwa mwalimu kabla ya kupewa ofisi, na hakuwa mtu mbaya. Aliomba aonyeshwe nani alibadilisha. Selemani mwenyewe ndiye aliyechapa ukurasa na kumpelekea. Orodha ilibadilishwa na nambari sifuri, Ijumaa ya tarehe kumi na tano mwezi wa saba, saa nne na dakika saba asubuhi. Neno la siri la sifuri lilijulikana kwa watu wawili. Ijumaa hiyo Imakulata alikuwa Goweko kwenye msiba wa baba yake, na padri na kijiji kizima walimwona. Alibaki mmoja.

Selemani alisema hakufanya. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na hakurudia.

Mtu angefikiri Imakulata alisimama kumtetea. Hakusimama. Ukweli ni kwamba alimshuku. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi, na yeye alikuwa mtu wa hesabu: kiini hakikosei, wanaolijua neno la siri ni wawili, yeye hakuwepo. Alijiambia kwamba huenda mzee ana jamaa Itundilo, au alimhurumia mtu. Kila Jumapili baada ya misa alipanga kwenda kwake Ipuli kumjulia hali, na kila Jumapili alifua nguo, akapiga pasi, akapika chakula kingi kuliko anachoweza kula, jua likashuka bila yeye kwenda. Kazini alikunywa kahawa peke yake. Alianza kujisikia akisema maneno kwa sauti, akielekeza kwenye kile kiti chenye koti.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mkurugenzi alimrudishia karatasi za kumbukumbu zilizokuwa zimefungiwa kabatini kama ushahidi. Zilikuwa nyingi, ndefu, zimekunjwa kama shuka. Alizipanga kwa tarehe, na alipofika Ijumaa ile akasoma ukurasa mzima, wala si ule mstari mmoja ambao kila mtu aliusoma. Akasoma tena. Kila mara mtu alipoingia kwa neno la siri, mashine iliandika. Asubuhi hiyo waliingia makarani watatu. Selemani aliingia kwa nambari yake ya kawaida, nne. Sifuri hakuingia. Siku nzima, hakuna mtu aliyeandika neno la siri la msimamizi mkuu. Sifuri alikutwa ndani, akibadilisha orodha, bila ya kupita mlangoni.

Hakufurahi kwamba Selemani hana hatia. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa aibu, na ilimjia kwa nguvu mpaka akatoka nje kusimama juani.

Aliporudi alianza kutafuta. Sahihi za kwenye fomu zilionyesha kwamba siku ile Bi Batuli, karani nambari kumi na moja, ndiye aliyekuwa anaingiza takwimu za visima kwenye skrini ya tatu wakati huo. Bi Batuli alikuwa mama wa mjini, mjane, aliyepiga chapa bomani tangu kabla ya uhuru, vidole vyake vikienda bila yeye kutazama. Imakulata alimsalimia, akamuuliza kama aliona lolote lisilo la kawaida Ijumaa ile. Bi Batuli alisema haikumbuki siku hiyo, siku zote zinafanana. Alisema huku anapanga fomu zilizokuwa zimeshapangwa.

Basi Imakulata akazichukua fomu zote hamsini na sita za asubuhi ile, akaketi kwenye skrini ya tatu, akaingia kama mtumiaji wa kawaida, akaziingiza upya moja baada ya nyingine kwa kutumia programu ile ile. Programu hiyo aliiandika yeye, mwaka wake wa kwanza, na alikuwa akiionea fahari. Alirudia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika na kila ulipokatika alianza upya. Siku ya tatu alifika fomu ya arobaini na moja, kisima kimoja cha upande wa Ntalikwa. Mpimaji aliyeijaza alikuwa na haraka, akaunganisha namba ya kisima na tarehe, ikawa namba moja ndefu ya tarakimu tisa. Bi Batuli hakuwa mtu wa kusahihisha karatasi ya mwenzake. Alipiga kilichoandikwa. Imakulata naye akapiga kilichoandikwa.

Mashine ilisita kama mtu aliyepaliwa. Kisha programu ikajifunga, na pale ilipokuwa alama ya dola pakawa na alama ya reli.

Alikaa akiitazama. Aliandika amri fupi ya kuuliza yeye ni nani kwenye mashine hii, na mashine ikamjibu kwa adabu kwamba yeye ni sifuri.

Ilimchukua wiki mbili kuelewa kilichotokea, na alipoelewa kilikuwa kitu kidogo cha kusikitisha. Kila kisima kipya kilipoingizwa, programu yake ilikiomba kiini kisafishe mahali fulani kwenye kumbukumbu, yaani kipajaze sifuri tupu, ili pawe tayari kuandikwa. Mahali penyewe palihesabiwa kutokana na namba ya kisima. Namba ikiwa ndefu kupita kiasi, mahali hapo paliangukia mbali, nje kabisa ya eneo la mtumiaji. Yeye hakuweka sharti la kukataa namba ndefu. Hilo lilikuwa kosa lake. Lakini kiini kilipaswa kuuliza: mahali hapa ni pako wewe unayeomba? Hakikuuliza. Kilipeleka sifuri zake popote kilipoambiwa, hata ndani ya kurasa zake chenyewe, kwenye jedwali lile lile ambamo kiliandika nani ni nani. Sifuri zikaangukia juu ya kumi na moja. Mara nyingine ziliangukia pabaya zaidi, mashine ikazimika, na ofisi nzima ikaulaumu umeme.

Aliandika programu nyingine, ya mistari kumi na mmoja tu, iliyofanya jambo hilo kwa makusudi. Ilifaulu kila mara. Mtu yeyote aliyeruhusiwa kukaa mbele ya skrini angeweza kuwa bwana wa mashine. Na si mashine hii peke yake. Kila mashine ya aina hii duniani, kwenye mabenki, kwenye vyuo, ilikuwa na kiini hiki hiki. Aligeuka kumwambia mtu. Kwenye kiti kulikuwa na koti.

Jumapili hiyo alikwenda Ipuli. Selemani alikuwa barazani, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo, dada yake Sikuzani akipepeta mchele upande wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Siku zote aliongeza mwanangu. Safari hii hakuongeza.

Imakulata alikaa kwenye mkeka akaeleza yote, akichora kwa kijiti mchangani. Kwa muda Selemani aliendelea kushika bisibisi. Halafu akaiweka chini. Halafu akashuka na yeye kwenye mchanga, akauliza jedwali linakaa ukurasa gani, mashine inajuaje mpaka wa mtumiaji, na kama amejaribu namba za karibu na ile. Kwa nusu saa walikuwa kama zamani. Imakulata alipofika kwenye ombi la kusafisha, mzee alitikisa kichwa polepole.

"Hakiulizi," alisema. "Miaka yote hii, hakiulizi."

"Hakiulizi."

Sikuzani alileta kahawa, na baada ya kahawa uso wa Selemani ukabadilika. Alimwambia asiseme. Kosa limepitia kwenye programu yake, wataona hivyo tu, hayo mengine hawatayaona. Yeye ameshazoea kukaa nyumbani, redio zinamtosha. Imakulata alisema atasema. Kisha akauliza alichokuwa amekiogopa njia nzima, kama mzee alijua kwamba naye alimshuku.

Selemani alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa. "Hukuja," alisema. "Nilihesabu kwa wiki, nikachoka, nikaacha."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kushika. Imakulata aliomba radhi. Mzee akasema yamepita. Wote wawili walijua hayajapita.

Siku mbili baadaye, wakati makarani wengine wamekwenda kula, Bi Batuli alikuja akasimama karibu na meza yake. Alikuwa ameziona zile fomu hamsini na sita zimetolewa kwenye jalada. Alizungumza taratibu, akitazama mlango. Alisema siku ile alama ilibadilika yenyewe mbele ya macho yake. Alikuwa ameiona alama hiyo miaka mingi kwenye skrini ya Selemani na alijua ni ya mkubwa. Alijaribu kufungua orodha, ikafunguka. Mdogo wake ameolewa Itundilo, ana watoto watano, anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa ndoo moja ya maji ya rangi ya chai. Kasisilwa hakumjua mtu. Aliandika jina juu ya jina, basi, kitu cha dakika moja. Hakujua kwamba mashine itamtaja mtu mwingine.

"Walipomtoa Selemani nilitaka kusema," alisema. "Nikafikiri nani ataniamini kwamba mlango ulijifungua. Utanitaja?"

Imakulata alimkasirikia, na pia alijua kwamba yeye mwenyewe alikaa zaidi ya mwezi akipika vyakula visivyolika. Hatimaye alisema atasema lililo lake, na hatasema lisilo lake. Bi Batuli akarudi kwenye skrini ya tatu, akaanza kupiga.

Kamati ilikutana mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, watu watatu na mkurugenzi. Imakulata aliomba waje chumbani, wasimame nyuma yake. Aliingia kwa nambari kumi na tatu, nambari ya chini kuliko zote kwa madaraka. Akawaonyesha kwamba hawezi kugusa orodha. Akaendesha ile programu ya mistari kumi na mmoja. Alama ya reli ikatokea. Akaifungua orodha, akaandika herufi moja, akaifuta. Akaeleza kosa lake na kosa la kiini, akisema wazi kwamba siku ile ya mwezi wa saba programu yake ndiyo iliyofungua njia, na kwamba Selemani hakuhusika, kwa kuwa sifuri hakuingia kwa neno la siri. Akawapa karatasi ya kumbukumbu waone wenyewe.

Waliitazama. Mkurugenzi alivua miwani, akaivaa.

"Kwa hiyo wewe unaweza kuwa mkubwa wakati wowote unapotaka," alisema.

"Yeyote anaweza, Ndugu Mkurugenzi. Ndiyo hatari yenyewe."

"Lakini wewe ndiye unayejua njia."

Imakulata alijaribu tena. Alisema ufa haukuletwa na yule aliyeuona, kwamba ameshaandika barua kwa waliotengeneza mashine, kwamba mpaka warekebishe wanaweza kuziba kwa kuzuia namba ndefu. Mmoja wa wajumbe aliuliza ni nani basi aliyekuwa akiingiza takwimu siku ile. Alijibu kwamba makarani wote watatu huziingiza, na karatasi haionyeshi zaidi ya hapo. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Walimshukuru. Wakamwomba atoke nje ili washauriane, na alipokuwa akitoka alimwona mkurugenzi akisogea mbele ya kibodi, kama mtu anayekinga kitu.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata katika barua mbili. Ya kwanza ilimrudisha Selemani kazini. Ya pili ilimhamishia Imakulata kitengo cha uwandani, kwenda kusimamia uchimbaji wa mikono katika vijiji ambavyo mtambo haukuvifikia, na ikamtaka akabidhi ufunguo wa chumba. Haikutaja kosa. Ilisema ni kwa maslahi ya mradi. Siku Selemani aliporudi, yeye alikuwa ameshapanda lori.

Kijiji cha kwanza alichopelekwa kilikuwa Kasisilwa. Alipokelewa na mwanamke aliyeitwa Apolinaria, mwenyekiti wa kamati ya maji, mmoja wa wale wanne waliokaa barazani mwezi wa nane. Alimwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akampa chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha lisilo na kioo. Jioni ya kwanza, wakati mwenyeji wake anachambua mboga, Imakulata alimweleza. Alitafuta maneno mepesi, akasema jina la kijiji lilibadilishwa kwa sababu ya hitilafu ya mashine, na hitilafu hiyo ilipitia kwenye kazi ya mikono yake.

Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho. "Sisi tulidhani kuna mtu mjini anatuchukia," alisema. "Tulikaa tukitafuta tumemkosea nani."

"Hakuna anayewachukia."

"Hata mmoja?"

"Hakuna aliyewafikiria kabisa, mama."

Apolinaria akasema ile ya kuchukiwa ilikuwa afadhali, na akaendelea na mboga zake.

Walichimba wakifuata mdomo wa kisima cha kale. Wanaume waliingia kwa zamu, wanawake wakavuta udongo kwa kamba na ndoo, na Imakulata akapima kina kwa kamba kila asubuhi na kila jioni, akaandika. Mita sita walitoa vipande vya vyungu na shanga za bluu za biashara ya zamani, watu wakazigawana. Mita kumi na moja walikuta mwamba, wakausumbua siku tisa. Hakuna aliyemuuliza alisoma wapi wala alifanya kazi gani kabla. Walimwita mama wa kamba. Mchana, wenzake wakipumzika, alikuwa akikaa na daftari akiandika kwa kalamu programu ambazo hapakuwa na mashine ya kuziendesha, akizisahihisha kwa kichwa, akigeuza ukurasa.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata dereva wa lori alimletea bahasha yenye mwandiko uliosimama wima wa Selemani. Ndani kulikuwa na nakala ya barua ya watengenezaji, imeandikwa kwa mkurugenzi. Walishukuru ofisi yake kwa taarifa. Walisema tatizo hilo sasa limeshughulikiwa, na wameleta mkanda wenye kiini kipya. Jina la Imakulata halikuwemo. Chini yake Selemani alikuwa ameongeza mistari michache kwa mkono. Mkanda umefika salama, ameuweka. Ameiendesha ile programu ya mistari kumi na mmoja mara ishirini, na sasa kiini kinaikataa. Bi Batuli ameomba kustaafu mapema na amekubaliwa. Sikuzani anamsalimu. Hakuuliza atarudi lini, na barua haikuwa na neno mwanangu mahali popote, ingawa Imakulata aliigeuza na kuitazama hata nyuma.

Aliijibu jioni ile, kurasa tatu, nyingi zikiwa ni maswali juu ya kiini kipya: kinauliza wakati gani, kinatazama mpaka upande gani, kinachelewa kiasi gani. Aliposoma alichoandika aliona ameandika kama mtu anayezungumza mezani saa nne. Akazikunja akampa dereva.

Maji ya Kasisilwa yalionekana mita kumi na saba, siku ya Jumatatu, karibu na adhuhuri. Kwanza yalikuwa matope, kisha mchanga mweupe uliolowa, kisha mchimbaji chini akapiga kelele kwamba miguu yake inapata baridi. Kijiji kilikusanyika. Wanawake walipiga vigelegele, Apolinaria alikaa chini hapo hapo kwenye udongo uliotolewa akaweka mikono magotini. Watu walikumbatiana, wengine wakiimba kwa Kinyamwezi nyimbo ambazo Imakulata alizijua tangu utotoni, lakini hakuna aliyemvuta ndani ya duara na yeye hakujua namna ya kuingia. Alishusha kamba yake, akaipandisha, akapima sehemu iliyolowa. Akaandika kina, tarehe na saa. Kwenye nafasi ya jina la msimamizi akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, kisha akaenda kufunga mizigo, kwa kuwa lori la kwenda kijiji kinachofuata lilikuwa linapita alfajiri ya Jumatano.